Dishon Ogola na Vita vya Beri Isiyo na Miiba

Sogeeni, enyi wa Dunga mnaonukia dagaa wa omena, enyi wa Obunga, nanyi mliokuja kuazima chumvi tu mkakaa! Fungeni midomo, maana leo zinanenwa habari za Dishon Ogola, Simba wa Nyalenda, karani mstaafu wa reli, Baba Awuor, Mshika Panga, aliyepigana miaka mitatu kwa ajili ya tunda moja. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize.

Ilikuwa mwaka wa 1986, Wamaitha muuza viazi aliposhuka kutoka Limuru na mche uliofungwa kwa gunia lenye maji, akanena, "Mzee Ogola, hii ni beri nyeusi. Zile za kwetu zinachana watu mikono, lakini hii haina mwiba hata mmoja. Utachuma ukiimba." Dishon akaupokea kwa mikono miwili kama anayekabidhiwa ufunguo wa mji, akaupanda nyuma ya jikoni, palepale mkewe Milka alipokuwa amepangia sukuma wiki.

Mmea ukastawi, ukatoa matawi marefu kumpita mtu. Lakini huyu bwana, jamani! Kila Desemba, wageni wa Krismasi wakikaribia, kila boma huku kwetu hufagiwa na ua kukatwa, na Shujaa wetu Dishon, asiyekubali kushindwa usafi na mtu, alichomoa panga lake akafyeka nyasi, akafyeka ua, akafyeka na matawi ya beri hadi kisikini, kisha akasimama mikono kiunoni akijisifu. Mwaka wa kwanza hakupata tunda. Wa pili hakupata tunda. Akaulaumu udongo, akailaumu mvua, akawasingizia hata kuku.

Ndipo Milka, Mwenye Mwiko Usiotetemeka, alipotoa hukumu mbele ya akina mama wote wa kanisa. "Baba Awuor! Nimeheshimu mvi zako, nimeheshimu hata kofia yako ya reli, lakini watu hawali mapambo. Jumapili ya mavuno mwaka ujao, usipoweka tunda la mti huu kwenye meza ya kanisa, Jumatatu naung'oa kwa mikono hii na sukuma yangu inaingia. Nimemaliza!"

Roho ilimuuma Dishon. Miaka thelathini alikuwa ameandika mizigo ya watu wengine. Mmea ule ndio kitu cha kwanza alichokipanda mwenyewe. Akakimbia sokoni kwa Wamaitha, naye akacheka hadi akashikilia gunia la viazi asianguke.

"Mzee wangu! Tawi la mwaka huu ndilo linalozaa mwaka ujao. Likishazaa, hapo ndipo unalikata. Wewe umekuwa ukimfukuza mama mjamzito mlangoni mwa hospitali!"

Basi Desemba ile, Nyalenda yote ikivuma kwa mapanga, Shujaa aliketi kwenye kigoda mbele ya mmea wake. Panga lilifungiwa kabatini na ufunguo akapewa Milka, kwa sababu Dishon hakujiamini.

Maua yakaja, meupe, na Dishon akayahesabu kila asubuhi. Kisha akaja adui: beberu wa jirani yake Absalom, Mwenye Ndevu, Mla Kamba za Nguo. Mmea usio na miiba una nini cha kumwambia mbuzi? Kabla chai haijachemka, matawi manne kati ya matano yalikuwa tumboni mwake. Dishon alilia, tena machozi ya kweli. Halafu akaenda kukata miiba kwenye ua wa kayaba wa Absalom, akaizungushia lile tawi moja, akachanika mikono, mashavu, na suruali mahali ambapo mimi mwenye adabu sipataji.

"Jirani," akanguruma Absalom, "umetuimbia miaka mitatu mti usio na miiba, na leo miiba yangu yote imehamia kwako?"

"Mfunge mbuzi wako, Absalom, ama nitamfunga mimi ndani ya sufuria!"

Ikafika Jumapili ya mavuno. Watu walileta mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, bata mzinga mwenye hasira. Dishon akaingia na sinia la chai, juu yake kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa beri moja, nyeusi, saizi ya ncha ya kidole gumba. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji yote miwili. Kanisa zima liliangua kicheko.

Akaiweka mezani. Milka akainuka, akaja mbele, akaichukua, akaing'ata nusu. Kicheko kikakatika.

"Ni chachu," akasema.

Dishon akafumba macho.

Milka akala na ile nusu nyingine, akalamba kidole. "Kesho ongeza miiba upande wa kuku. Sukuma nitapanda kando ya bafu."

Na iandikwe hivyo, vizazi visome: Agosti 1989, saa tano na dakika ishirini, tunda moja. Panga lingali kabatini, na ufunguo anao Milka.