Kila Kinachoingia Kisandukuni

Jumatatu, 6 Oktoba

Habari kubwa. Timu ya vijana ya kulenga shabaha inayokwenda kushindana mjini Bacolod mwezi ujao imebakiza nafasi moja tu, ya Daraja la Kawaida. Shindano la klabu Jumapili hii ndilo litakaloamua. Shangazi Pacing aliniambia huku akikaanga samaki, kana kwamba ni jambo dogo. Bastola ni yake, leseni ni yake, kabati la chuma na ufunguo wake ni vyake. Mimi ni mlengaji tu, tena chini ya jicho lake.

Naitaka nafasi hiyo. Timu ina fulana zenye majina mgongoni. Nina miaka kumi na sita, na sijawahi kuitwa kwa kipaza sauti ila siku niliposahau mwavuli maktaba.

Mpinzani ni mmoja: Benjie Palmares, wa darasa la juu yangu. Mkono mwepesi, sauti kubwa, na kitabu cha kanuni cha klabu hajakifungua tangu azaliwe. Mimi nimekisoma mara tatu. Nimekijalidi kwa plastiki.

Ukurasa niupendao ni wa Daraja la Kawaida. Kioo cha nukta nyekundu hapana, kizuia mruko mdomoni mwa mtutu hapana. Hivyo ni vya Daraja Huria, la wakubwa. Mengine mengi ruhusa, mradi bastola ikiwa na magazini yake, kile kibebeo cha risasi, iingie kwenye kisanduku cha kupimia. Isipoingia, unahamishiwa Huria. Basi. Aliyetunga sheria hiyo alikuwa na akili nyingi.

Mpango: bastola ya Benjie inacheza mle kisandukuni kama mtoto aliyevaa sare ya kaka yake. Yangu, nikishaiongezea kila kinachoruhusiwa, itakijaza.

Jumanne, 7 Oktoba

Tumekwenda kwa Manong Kadyo (Manong ni la heshima, kama kusema kaka), fundi bunduki, nyuma ya soko la La Paz. Nilikuwa na orodha ya marekebisho kumi na moja, kila moja na namba ya kanuni pembeni. Niliona haya kuisoma, nikamkabidhi. Aliisoma yote, akapandisha miwani, akaniuliza kama nataka bastola au gari la maandamano ya sikukuu ya mtakatifu. Shangazi alicheka mpaka akatafuta kiti.

Akakata nane. Zimebaki tatu: faneli ya shaba chini ya mpini, ili magazini ijipatie njia; kilengeo cha mbele chenye uzi mwekundu; na utepe wa msasa wa kushikia.

Kisha nikamtazama akifanya kazi. Sijui niandikeje. Anapitisha tupa mara mbili, anafumba macho, anapapasa kwa kidole gumba, anapitisha mara moja tena. Hapimi mpaka amalize. Akipima, anakuta sawasawa. Akimaliza kupima, anapima tena. Amesema chuma ukikikwangua kupita kiasi hakikusamehe. Nimeyaandika maneno hayo kwenye jalada la daftari la kemia.

Jumatano, 8 Oktoba

Bastola imerudi. Nzuri mno! Faneli imekaa kwenye mpini kana kwamba ilizaliwa nao. Shangazi alihakikisha mara mbili kwamba haina risasi, ndipo akaniacha nitumbukize magazini tupu bila kutazama. Mkono ulijua wenyewe.

Nimetengeneza kisanduku changu cha plaiwudi. Vipimo vya kitabuni, vya ndani, si vya nje. (Benjie angepima vya nje.) Tukaiweka. Imeingia! Pengo lililobaki ni unene wa kadi ya maktaba. Najua, kwa sababu niliipenyeza kadi ya maktaba.

Shangazi akauliza magazini nyingine je. Kwa jumla ziko nne. Nikamweleza kwamba zote ni za kampuni moja, ndugu wa tumbo moja. Akasema yeye na baba yangu nao ni ndugu wa tumbo moja. Baba ni mwembamba kama ufito. Shangazi si ufito. Sikuona uhusiano.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mazoezi klabuni. Benjie amekuja na vitako vipya vya magazini, rangi ya chungwa. Machoni pangu vilionekana virefu. Mpango wa pili: niweke kisanduku changu mezani, kila mtu ajipime, Benjie aaibike bila mimi kusema neno. Kusema maneno ndiko kunakonishinda. Nikabandika karatasi: PIMA HAPA. BURE.

Walikuja wote. Ya Benjie ikakwama. Moyo wangu uliimba.

Manong Kadyo akaweka kikombe cha kahawa chini, akachukua kile kitako, akakipitisha tupa kwa dakika kumi huku akipiga mluzi. Kikatoka kizuri kuliko kilivyonunuliwa. Nilisahau kuhuzunika. Nilisogea karibu kutazama.

Benjie akaniletea biskocho mbili, vile vipande vya mkate mkavu wa siagi. "Asante, Inday Choring," akasema; kwetu kila msichana ni Inday. "Bila sanduku lako, Jumapili ningetupwa Huria nikatafunwe na Lola Epang."

Lola Epang ni bibi wa miaka sabini na mmoja, na ndiye bingwa wetu wa Huria. Bastola yake ina kila kitu ambacho mimi nimekatazwa. Akifyatua, sahani za chuma zinaanguka kama zinamsujudia.

Halafu Benjie akauliza kama zangu nne nimezipima zote. Nikamjibu kwamba duniani kuna kitu kinaitwa kusoma. Biskocho zilikuwa tamu, kwa bahati mbaya.

Jumapili, 12 Oktoba

Jina langu limetangazwa kwa kipaza sauti. Nilikuwa nimeliota hilo kwa muda mrefu. Halikwenda nilivyoota.

Ukaguzi wa vifaa, asubuhi. Mwamuzi Demaisip akaingiza magazini ya kwanza, bastola ikazama kisandukuni. Ya pili, ikazama. Ya tatu, ikazama. Nikaanza kutabasamu. Ya nne ikakwama. Akaigeuza, ikakwama tena.

Ndipo nilipokumbuka. Ya nne ilikanyagwa na Shangazi miaka mitatu iliyopita, akaitia kitako kingine, kinene.

Manong Kadyo alikuwa pale pale, tupa mfukoni. Benjie, Benjie mwenyewe, akamsihi mwamuzi aniruhusu nikwanguliwe kidogo, kwani mimi ndiye niliyemwokoa. Mwamuzi akasitasita. Akauliza kama kuna anayekumbuka kanuni inasemaje.

Mimi nilikumbuka. Ukurasa wa sitini na moja: ukaguzi ukishaanza, hakuna kurekebisha. Nikaisema yote, bila kutafuna neno. Sijawahi kusema kwa sauti kubwa hivyo mbele za watu. Shangazi alifunika uso kwa kofia.

Kipaza sauti kikatangaza jina langu, Huria, nikalenga mara tu baada ya Lola Epang. Nilisahau masikitiko yangu nikimtazama. Miguu yake haina haraka, na bado anafika kabla ya kila mtu. Mimi nimekuwa wa tisa kati ya tisa. Kwa alama zangu, kama ningebaki Kawaida, ningempita Benjie kwa mbili. Fulana ni yake. Itamkaa vizuri.

Lola Epang alinishika bega. "Inday, kisanduku hakijui kusoma," akasema. "Kinajua kupima tu."

Mtu wa ajabu. Nimeyaandika pia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimetafakari katika kipindi chote cha hesabu. Nimegundua kosa langu. Kosa lilikuwa Daraja la Kawaida.

Huria hakuna kisanduku! Nimesoma kurasa zake wakati wa mapumziko. Kioo cha nukta nyekundu, ruhusa. Kizuia mruko, ruhusa. Faneli pana kama bakuli la supu ya batchoy, ruhusa. Orodha mpya ina mambo kumi na tisa, na Lola Epang hana hata nusu yake. Nitampelekea Manong Kadyo kesho. Shangazi bado hajui.

Kikomo ni kimoja tu: urefu wa magazini. Lola Epang, kwa wema wake, ataniazima zake sita. Nimemwomba atangulize moja, niipime. Hizo tano nyingine ni za kampuni hiyo hiyo.