Mita Mia Tatu na Tisini

Jumatatu, 4 Machi

Kamati ya mbio za mtaa imekutana katika chumba cha nyuma cha maktaba. Mbio ni Jumapili ya tarehe 17. Kilomita kumi, kwenda na kurudi kwa njia ileile. Mwenyekiti, muuguzi mstaafu ambaye akikutazama tu unanyoosha mgongo, akauliza nani atapima njia. Wote wakatazama viatu vyao. Nikanyoosha mkono.

Mwenyekiti akasema watu wa kujitolea kama mimi, fundi wa friji, ni wachache. Ni kweli.

Sababu yangu ni hii. Rekodi yangu ya kilomita kumi ni dakika sitini na sekunde arobaini na saba. Ina miaka sita. Sekunde arobaini na saba ndizo zinazonizuia kuitwa mtu wa chini ya saa moja! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu wa hesabu, hukimbia kwa dakika hamsini na nane. Husema hivyo hata kama umemuuliza habari za nyumbani.

Mazoezi nimeyajaribu. Yanachosha.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefunga karakana mapema na kuacha friji mbili zikinisubiri. Ofisi ya barabara imeniazima kile kifaa cha kupimia, fimbo yenye gurudumu na namba zinazojihesabu. Unakisukuma kama mtu anayemtembeza mbuzi mkaidi.

Kwa kipimo cha haki, mahali pa kugeuzia pameangukia kwenye kalvati, pale mtaro unapopita chini ya barabara. Pana tope. Pana harufu. Mita mia moja tisini na tano kabla ya hapo kuna lango la kiwanda cha matofali, lenye kivuli na upepo safi. Nikafikiria afya ya wakimbiaji. Nikaweka pipa la kugeuzia langoni.

Mia moja tisini na tano kwenda, mia moja tisini na tano kurudi. Mita mia tatu na tisini. Kwa miguu yangu hizo ni dakika mbili na ushee.

Nimempelekea mwenyekiti taarifa: mita elfu kumi kamili. Akauliza kama nimepima mara mbili. Nikamwambia mara tatu. Akaandika.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu amenitoa kitandani twende kukimbia. Alianza mwaka jana kwa kutembea hadi kona na kurudi. Sasa anakimbia kumi kwa dakika sabini na mbili na anataka kushuka chini ya sabini. Hutoka kila alfajiri, mvua au jua, na kuandika muda wake kwenye kalenda ya jikoni.

Tulikwenda pamoja hadi kilomita ya pili. Ya tatu nilimwona mgongo. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshaoga. Nikamweleza kwamba ninatunza nguvu. Akasema nguvu zangu zimetunzwa vizuri sana, hazijaguswa.

Mchana shemeji akaja na viatu vipya. Akatueleza soli yake safu kwa safu. Nikamsikiliza kwa upole wa mtu anayejua jambo.

Jumanne, 12 Machi

Nikiwa ninajaza gesi kwenye friji ya mwenye bucha, nikapigwa na wazo kama shoti. Njia ikiwa fupi kwangu, ni fupi kwa shemeji pia!

Nikakaa juu ya mtungi wa gesi kwa muda. Mwenye bucha akauliza kama friji imekufa. Nikamwambia hapana, ni mimi.

Nimefikiria kumwekea shemeji pipa lake peke yake mbele zaidi. Haiwezekani, anajua kuhesabu mapipa. Basi, acha ipite. Mvua haichagui paa. Mimi shida yangu ni saa moja, si shemeji. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili ili niiamini.

Jumapili, 17 Machi

Dakika hamsini na nane, sekunde thelathini na moja!

Narudia kwa ajili ya watakaosoma daftari hili nikishafariki. Hamsini na nane, thelathini na moja.

Shemeji amemaliza kwa hamsini na tano na nusu hivi. Sikumuuliza. Alisema.

Mke wangu amemaliza kwa sitini na sita na sekunde ishirini. Alipoiona saa alikaa ukingoni mwa barabara, akajifunika uso kwa mikono, akalia. Kisha akaning'inia shingoni mwangu, jasho kwa jasho, mbele ya kamati nzima. Sijamwona hivyo tangu siku ya ndoa. Amebandika namba yake ya kifuani kwenye mlango wa friji.

Nimeifungua friji mara tatu nikitazama pembeni. Nadhani ni taa ya ndani inayoniumiza macho.

Jumatatu, 18 Machi

Shemeji amekuja karakana na karatasi. Kati ya wakimbiaji sitini na watatu, hamsini na mmoja wamevunja rekodi zao. Nikasema hali ya hewa ilikuwa nzuri. Akasema mwokaji mikate alisimama mara mbili kufunga kamba za viatu, mara moja kuzungumza na mteja, na bado ameipunguza rekodi yake kwa dakika nzima. Nikasema pengine mteja alimtia moyo.

Akaondoka akiwa amekunja karatasi mara nne. Mtu anayekunja karatasi hivyo hajamaliza.

Jumatano, 20 Machi

Amepima. Amekokota utepe wa chuma wa mita hamsini yeye na mwalimu wa jiografia, njia nzima. Mita elfu tisa mia sita na kumi.

Kamati imeitwa. Nikasema gurudumu la kifaa huenda liliteleza. Mwenyekiti akauliza kwa sauti ya wodini: liliteleza mita mia moja tisini na tano, likasimama penye kivuli? Nikasema hivyo ndivyo ilivyotokea. Nikasikia mwenyewe jinsi isivyoingia akilini.

Matokeo yote yamefutwa. Watu sitini na watatu.

Shemeji, bila kuombwa na mtu, akapiga hesabu: kwa kasi niliyokimbia, njia halisi ingenichukua dakika sitini na sekunde hamsini na nne. Yaani sekunde saba nyuma ya rekodi yangu ya zamani. Nimeiba mita mia tatu na tisini nikazeeka kwa sekunde saba.

Nyumbani nilimkuta mke wangu jikoni. Kaka yake alikuwa ameshampigia simu. Alikuwa anabandua namba yake kwenye friji, polepole, pembe moja baada ya nyingine, isichanike.

Akaniuliza, "Uliteleza au ulikusudia?"

Nikasema nilikusudia.

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Nikamwambia, kama faraja, kwamba hata kwa mita kamili yeye angemaliza kwa sitini na tisa na sekunde moja. Chini ya sabini! Kaka yake amehesabu.

"Najua," akasema. "Mimi nilikimbia kweli. Wewe ukanipa barabara ya uongo. Sasa kitu changu cha kweli kipo kwenye karatasi ya kaka yangu, si kwenye saa."

Akaiweka namba ndani ya droo. Nimelala nikiitazama dari.

Ijumaa, 22 Machi

Ametoka alfajiri peke yake. Nilimsikia akifunga kamba za viatu. Kwenye kalenda hajaandika kitu.

Nimeona aibu tangu kiamsha kinywa hadi adhuhuri bila kupumzika. Mteja mmoja alisema nimekuwa mpole. Nimemtengenezea friji yake vizuri mno, hadi taa ya ndani ambayo hakulalamikia.

Jumamosi, 23 Machi

Mbio zitarudiwa Jumapili, 7 Aprili. Shemeji ndiye mpimaji. Mwenyekiti amesema nisisogelee mita yoyote, hata ya maji. Lakini kamati ina watu wachache, na ile saa kubwa ya mezani inayowekwa kwenye mstari wa kumalizia imeisha betri. Akasema kubadilisha betri hata kuku anaweza, akanikabidhi.

Nilimwomba mke wangu msamaha tena, safari hii bila hesabu. Akasema tarehe saba atakimbia, na anataka ile sabini iondoke mbele ya watu wote. Akanigusa bega. Mara ya kwanza tangu Jumatano. Machozi yalinilenga, nakiri.

Mtu muungwana hurekebisha alichoharibu. Nimeifungua saa. Nyuma ya betri kuna skrubu ndogo ya kurekebisha mwendo. Nikiilegeza robo mzunguko, saa inabaki nyuma sekunde tatu kila dakika. Kwa saa nzima ni dakika tatu.

Nimezigawa hivi: mbili za mke wangu, zawadi, asijue. Moja yangu. Shemeji sitampa hata sekunde.