Kisu cha Baba na Mguu wa Kigoda

Jumanne, 4 Juni
Shangazi amegawa vitu vya marehemu Baba. Kaka mkubwa kapewa saa ya mkononi. Mimi, kisu cha kukunja! Kaka akapinga papo hapo. Eti alikinunua yeye alipoanza kazi, akampa Baba zawadi. Uongo mtupu! Kisu kile kilinimenyea machungwa kabla kaka hajaota ndevu. Baba alimenya ganda lote bila kulikata, kisha akanivisha shingoni kama mkufu. Natamani angenivisha tena hata leo, na mvi zangu hizi.

Shangazi kaamua: Jumapili tuthibitishe umri wa kisu. Kanikabidhi mimi nikichunguze, kwa kuwa, alisema, sina kazi ya kunishughulisha. Sikuipenda ile sababu. Lakini kaka kwisha habari yake.

Jumatano, 5 Juni
Shinani mwa kisu, pale kinapokunjika, kuna muhuri wa kiwanda. Herufi mbili na tarakimu, zimezibwa na kutu. Dawa yake? Msasa! Nimesugua asubuhi nzima huku naimba. Kisu kimeng'aa hadi najiona meno. Muhuri bado hausomeki. Nikaongeza nguvu.

Sasa kutu hakuna. Muhuri nao hakuna.

Alhamisi, 6 Juni
Hakijaharibika kitu. Nimekilaza kisu kwenye siki na chumvi usiku kucha kirudishiwe uzee wake. Kimetoka na kutu mbichi, mabaka mabaka. Nikampelekea mnoa visu sokoni, nikamwambia ni cha zama za babu. Mzee yule akakinusa. Akauliza nimekipika kwa muda gani.

Alisema umri wa kisu husomwa kwenye muhuri na kwenye kutu, na vyote viwili nimevimaliza kwa mkono wangu. Wateja wakacheka. Kisha akageuza mpini. Upande mmoja ni mfupa wa kiwandani. Wa pili ni mti, umechongwa kwa mkono na kushikizwa kwa visumari. Nikijua mti huo umetoka wapi, alisema, nitaujua mwaka.

Ijumaa, 7 Juni
Najua umetoka wapi.

Mti mwekundu wenye mstari mweusi. Ni mguu wa kigoda cha Baba! Nilikuwa na miaka saba. Nilikipanda kuiba sukari juu ya kabati, mguu ukavunjika. Nikasema ni kaka. Kaka akachapwa, akafungiwa ndani likizo nzima, akiwatazama wenzake dirishani wakicheza mpira. Na Baba hakuwa mtu wa kutupa kitu, hata kipande cha mguu; likizo ileile alikuwa kibarazani akikichonga.

Kwa hiyo mpini huu ulichongwa kaka akiwa na miaka kumi na miwili. Kazi gani aliyokuwa ameanza? Nimeshinda! Tatizo ni moja tu. Wataniuliza nimejuaje. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni
Nimejizoeza mbele ya kioo kusema kigoda kilivunjwa na mchwa. Hata mimi sikujiamini.

Jumapili, 9 Juni
Nilianza na mchwa. Nilianza vizuri. Kisha kidole gumba kikagusa mpini, pale patasi ya Baba ilipoteleza wakati akiuchonga, na ulimi ukakataa. Nikasema yote. Sukari, kabati, uongo, hata msasa na siki. Nikalia mbele ya watu wazima.

Kaka akasema alijua siku ileile, maana sukari ilikuwa bado kidevuni mwangu. Nikamuuliza mbona hakunitaja. Akasema nilikuwa mdogo, na mkono wa Baba ulikuwa mzito.

Miaka arobaini na mmoja kanyamaza! Na mimi nilitaka kumnyang'anya ushindi.

Akakubali kuwa kisu alichonunua yeye kilikuwa kingine, labda kilipotea. Akasema hiki ni changu, akaniomba nisikipike tena. Nikaapa kwa jina la Baba: sitasugua kitu tena. Kaka akaguswa mno. Akavua saa ya Baba, akaniachia wiki nzima nimtafutie na mwaka wake.

Jumatatu, 10 Juni
Saa ina maandishi mgongoni. Madogo sana, uchafu umeyaziba.

Msasa umebaki nusu karatasi.