Nimemfyekea Jirani

Jamani, leo aibu imenikuta mtaani Bondeni, mchana kweupe, fyekeo mkononi.

Kwa wale wasiojua: tangu mwezi uliopita niko kwenye kikosi cha kaunti kinachozunguka zile nyumba za zamani za baraza la mji, kuwatengenezea bustani wapangaji wazee na wenye ulemavu. Tunafyeka nyasi, tunapunguza ua, tunapanda mboga za sukuma kwenye magunia. Mpangaji halipi chochote. Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kujaribiwa kuwa msimamizi. Madam Nyambura, afisa wetu, aliniambia hivi: "Chebet, ongoza nyumba moja peke yako. Nikija saa sita nikute kazi safi, cheo ni chako."

(Nilikuwa nimeshamwambia mama. Mama alikuwa ameshaambia kanisa zima.)

Nilipewa mtu mmoja wa kumsimamia. Otieno. Umri wake unanizidi kwa miaka ishirini, aliwahi kuwa mlinzi wa usiku, na ana tabia ya kuuliza maswali. Leo sikutaka maswali.

Karatasi ilisema: Z. Athumani, nyumba nambari kumi na nane, anatembea kwa shida. Tulimuuliza muuza makaa pale kona. Akatikisa kichwa. "Huyo Athumani simjui. Ana watoto? Niambie ni mama nani ama baba nani." Karatasi haikusema habari ya watoto. Basi nikaamua kutumia macho yangu mwenyewe.

Kumi na nane tuliiona. Shida ni kwamba nambari ilikuwa imepakwa rangi katikati ya ukuta mmoja, na huo ukuta una milango miwili, kulia na kushoto. Upande wa kulia kulikuwa na ua wa kayaba na nyuma yake magugu yamefika dirishani. Upande wa kushoto nyasi zilikuwa za magoti, na mlangoni ameketi bwana mmoja, mguu wake umepumzishwa juu ya ndoo, bandeji kutoka kidole hadi goti.

"Tuulize jina kwanza," Otieno akasema.

"Otieno. Huoni mguu?"

(Nani humuuliza mtu mwenye bandeji jina lake? Si ni ukosefu wa utu?)

Nikamsogelea yule bwana kwa sauti ile ya kuongea na wagonjwa. "Shikamoo mzee. Tumetumwa tukutengenezee bustani."

Akaniangalia. Ukweli ni kwamba alikuwa na miaka kama arobaini. "Na ni bure?"

"Bure kabisa."

"Ingieni, ingieni! Kwani mlikuwa wapi hii miaka yote?"

Tukaingia kazini. Mimi nafyeka, Otieno anafyeka, bwana ameketi anaelekeza. "Hapo kwa kona mmeacha. Hapo chini ya dirisha. Na hayo magunia ya sukuma, wekeni karibu na mlango nisihangaike." Akasema anaitwa Sande. Karatasi ilisema Z. Nikajiambia makarani nao huwa wanakosea.

Ilipofika saa tatu, kichwa kikatokea juu ya kayaba. Bibi mmoja amejifunga kanga safi, macho ya upole. Nilimwona kichwa na mabega tu, hayo mengine yamefichwa na ua.

"Hamjambo wanangu?"

"Hatujambo, shosho."

"Habari za asubuhi? Za huko mtokako? Kazi yaendeleaje? Jua si kali sana?"

Nyie mnanijua mimi ni mtu wa mtaa wa Rhonda. Kwetu mtu akikuhitaji anasema. Huyu bibi alisalimia mpaka nikamaliza mstari mzima wa nyasi! Ndipo akasema taratibu, "Sasa wanangu, nilikuwa nataka kuwauliza..."

Nikamkatiza. "Shosho, najua. Kila mtu anataka kufyekewa. Lakini hii ni ya walio kwenye orodha pekee. Ngoja zamu yako."

"Haya mwanangu," akasema, na kichwa kikashuka.

Ikafika saa nne. Kichwa tena. "Wanangu, chai ipo tayari. Ya tangawizi. Na mahamri. Nimeamka alfajiri kwa ajili yenu."

Hapo ndipo nilipopanda jukwaani. Nikaweka fyekeo chini, nikashika kiuno, nikamhutubia bibi wa watu kuhusu ufisadi. Nikamwambia nchi hii imeharibika kwa vitu vidogo kama hivyo, kikombe hapa, andazi pale, na mwishowe orodha inarukwa. "Sisi hatuhongeki, shosho."

Bibi akanisikiliza mpaka mwisho. "Umesema kweli, mwanangu. Lakini chai itapoa."

Otieno akaenda kunywa. Aliporudi, mdomo una sukari ya mahamri, akaninong'oneza, "Chebet, huyo mama nadhani ndiye..."

"Wewe umeshahongwa, huna sauti. Shika reki."

(Nayaandika haya mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha.)

Sasa sikilizeni la kuvunja mgongo. Tulikuwa na rundo la nyasi na miiba, na gari la kuzoa takataka huja jioni. Sande akasema asingependa uchafu kwake. Nikatazama ng'ambo ya kayaba, kule kwa bibi, magugu hadi dirishani. Nikasema kuongeza kidogo hakutaharibu kitu. Nikarusha lile rundo lote upande wa pili. Lote! Niliona linaangukia kijia kimoja chembamba, nikajiambia labda ni cha paka.

Saa sita kamili Madam Nyambura akafika na maafisa wawili na simu ameishika juu, anarekodi video. Kazi inang'aa. Sukuma imesimama wima. Nikajipangusa jasho, nikasimama kando ya Sande, nikamwekea mkono begani.

"Madam, huyu ndiye mlengwa wetu. Mzee huyu ameteseka kwa muda mrefu. Hata mlangoni pake alikuwa hawezi kutoka."

Sande, akiona kamera, akaruka kutoka kwenye kiti. Akaruka! Kwa miguu yote miwili! Akaenda akamshika Madam mkono, anautikisa.

"Mwambieni mheshimiwa nimeshukuru! Kura yangu anayo! Lakini mbona fulana hamkuleta? Na unga?"

"Mheshimiwa gani?" Madam akauliza.

"Yeyote aliyewatuma. Mimi sibagui."

Nikasikia masikio yanapata moto. "Sande, kwani mguu una nini?"

"Nilipigwa kiatu Jumapili tukicheza mpira. Utapona."

"Na mbona hukusema sisi tumekosea nyumba?"

Akanishangaa kweli, bila hila. "Dada, watu wamekuja asubuhi na mafyekeo, wanafyeka bure, hawaulizi jina. Hiyo si ni kampeni? Watu wa kampeni huwezi kuwauliza maswali, watahamia kwa jirani."

Madam akashusha simu polepole. "Chebet. Bi Zainabu Athumani yuko wapi?"

Mara nyuma ya kayaba, ile sauti ya upole: "Nipo, mwanangu. Tangu asubuhi nipo. Ila sasa siwezi kutoka, njia imezibwa."

Sote tukazunguka ua. Bi Zainabu alikuwa amesimama mlangoni pake, ameegemea kile chuma cha miguu minne cha kutembelea, na mbele yake rundo langu la nyasi na miiba limefika kiunoni. Kile kijia cha paka ndicho anachopitia kwenda chooni.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikapiga magoti pale pale kwenye miiba. "Bibi, nisamehe. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza, mwanangu. Ulikuwa na haraka."

Madam akamgeukia Otieno. "Wewe ulijua?"

"Nilijua saa nne," Otieno akasema. "Lakini nilikuwa na reki."

Nimezoa lile rundo kwa mikono. Nimefyeka kwa Bi Zainabu mpaka saa kumi na moja, peke yangu, na amenipitishia maji mara tatu bila hata neno moja la kunisuta. Afadhali angenisuta. Njia yake sasa ni pana, anapita na chuma chake bila kushika ukuta, na nilipomwona anaenda na kurudi kujaribu tu, nilikaribia kulia.

Cheo amepewa Otieno. Naomba msicheke. Na kama ni lazima, chekeni bila kuandika hapa, kwa sababu bosi wangu mpya yuko kwenye hii group na kesho tunaanza saa moja.