Vita vya Kifuniko Kimoja

Jongeeni, enyi wenye masikio, na wenye shughuli za maana waziache. Kwa kuwa leo inasimuliwa habari ya Jemadari wa Uzi, Mpima Viuno, fundi cherehani asiyeshindwa na pindo, aliyelikabili jakuzi, beseni kubwa la maji moto la watu wanne, uani kwake, akatia dawa majini, akaishi.

Ijulikane kwamba shujaa huyu, ambaye dukani hupima kitambaa mara tatu kabla ya kugusa mkasi, nyumbani hupima kwa jicho. Miezi mitatu nyuma, kopo la klorini lilimwagiza atie kifuniko kimoja. Kwa kuwa halikutaja kifuniko cha nini, alitia kifuniko cha sufuria. Mama mkwe, aliyekuja kupumzisha magoti yake mabovu, alitoka majini akijikuna, na vazi lake la kuogelea, la bluu iliyokoza, lililoshonwa na mikono mitukufu ya mkwe huyo huyo, limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Tangu hapo hakukanyaga uani, na kwenye simu alimwita fundi "huyo mume wako". Neno hilo lilimuuma kuliko sindano zote alizowahi kujichoma.

Sasa mama mkwe amekubali kuja saa kumi, kwa mara ya mwisho, akasisitiza. Saa nane shujaa alivaa glavu na miwani ya kukinga macho, akalifunua jakuzi, akachovya kijikaratasi cha kupimia. Kikatoa hukumu: maji yanataka klorini ya kuua vijidudu, na asidi ya kuyasawazisha. Basi, kwa hekima ya majemadari wanaokufa mapema, akavuta ndoo moja ili azichanganye zote humo.

"Mume wangu, weka chini hiyo ndoo," alisema mkewe mlangoni, bila kupandisha sauti. "Hizo mbili zikikutana zinatoa hewa ya sumu. Imeandikwa hapo hapo kwenye kopo, chini ya kidole chako."

"Ewe mwandani wangu," alinena shujaa, "ni jemadari gani huyatenganisha majeshi yake mawili siku ya vita?"

"Yule anayejua yanachukiana."

Jemadari akaondoa kidole, akasoma maelezo yote, tendo ambalo mababu zake hawakuwahi kulithubutu. Akawasha pampu, akatia asidi kidogo kidogo ndani ya maji, akangoja nusu saa kama ilivyoagizwa. Ndipo akatia klorini, kifuniko kimoja, cha kopo lenyewe, akikisawazisha kwa rula yake ya kukatia. Aliliacha jakuzi wazi lipumue, akayafungia makopo kabatini, kila moja rafu yake. Ilipokaribia saa kumi alipima tena, na rangi za kijikaratasi zikakubali.

Mama mkwe aliwasili amevaa lile lile la chai ya maziwa.

"Hili halina cha kupoteza," alisema, akichovya kidole cha mguu, kisha kisigino, kisha, baada ya kumtazama mkwewe kwa muda mrefu, magoti yote mawili. Fundi alisimama kando, futi shingoni.

Robo saa ikapita bila mtu kujikuna.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, macho ameyafumba, "nishonee jingine la bluu. Nitakuja nalo Jumamosi."

Na iandikwe, wasije wajukuu wakabisha: siku hiyo, kwa kifuniko kimoja cha kopo, mtu alirudishiwa mama mkwe wake.