Nafasi Moja, Mtaa wa Kengele

Jumatatu, 4 Novemba

Nadai hivi, na nitalitetea dai langu mbele ya yeyote aliyewahi kufungua kitabu: mtoto huelimishwa na nyumba anayoishi, wala si na shule anayopelekwa. Shule humchukua saa chache tu. Nyumba humlaza, humwamsha, humfungulia dirisha. Sijui kwa nini jambo lililo wazi namna hii halijaandikiwa vitabu. Huenda waandishi wote wamepanga vyumba viwili.

Sisi tumepanga vyumba viwili. Mwenye nyumba anavitaka kwa ajili ya mwanawe anayeoa, hivyo lazima tuhame kabla ya Januari, mwezi ambao binti yetu ataanza darasa la kwanza. Mke wangu anataka Mtaa wa Kengele. Jina hilo nimeupa mwenyewe, maana hauna cha kutajwa isipokuwa kengele ya shule. Eti watoto wa pale wanasoma na wanaelewa wanachosoma. Nyumba zake zimebanana kama meno. Mimi nataka ule ninaouita Mtaa wa Vigae. Kuna nyumba kule yenye baraza, ukumbi, na chumba cha kusomea chenye rafu za ukutani. Rafu za ukutani! Vitabu vyangu vimelala chini ya kitanda tangu nihitimu.

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kuchoka, kwamba shida yake yeye ni nafasi tu. Nafasi ikipatikana, atahama hata kesho. Nafasi! Nilimbusu kwenye paji la uso. Nimeoa mwanamke mwenye akili, ingawa huchelewa kukubaliana nami.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeikagua nyumba ya Mtaa wa Vigae. Dalali ananiita Msomi. Sikuona sababu ya kumsahihisha. Alisema nyumba hii inajiuza yenyewe, yeye amekuja kuisindikiza tu. Jikoni kuna sinki lenye mabomba mawili. Moja halitoi maji, lakini lipo. Ukumbini sauti yangu ilikuwa ikinirudia. Niliijaribu kwa hotuba fupi. Dalali akapiga makofi. Mtu mwenye usikivu adimu.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nilipitia pia shule ya mtaa huo. Ilikuwa katikati ya asubuhi na watoto wote walikuwa nje wanacheza. Nikamwuliza mlinzi kama walimu huja. Akajibu kwamba kuja wanakuja, baba, ila hawakai. Nikauliza ubao wa darasa la kwanza uko wapi. Akasema uliazimwa kwenye harusi, haujarudi. Uamuzi wangu: shule isiyomkandamiza mtoto. Pengo likiwepo, chumba cha kusomea kitaliziba.

Jumatano, 6 Novemba

Kazini, kwenye kiwanda cha uchapaji, ambako mimi husahihisha maandishi kabla hayajachapwa. Leo nimemwokoa bwana harusi aliyeandikwa "bwana hasara". Fundi wa mitambo akasema tungemwacha, miezi sita haipiti ingekuwa sahihi. Nalitaja hili ili ieleweke kwamba maneno ndiyo kazi yangu.

Mke wangu ni muuguzi. Wodini simu hufungiwa kabatini, kwa hiyo ametoa namba yangu. Asubuhi aliniagiza mlangoni: ukipigiwa kuhusu nafasi, kubali, tafadhali baba fulani, usianze maneno. Nikamwambia mimi sianzi maneno, huyamaliza.

Simu ikalia. Mwanamke, sauti kavu. Akasema anapiga kutoka Mtaa huo wa Kengele (aliutaja kwa jina lake halisi, lisilopendeza), kuhusu ile nafasi tuliyoomba, imebaki moja. Alitaka kujitambulisha, nikamwokolea muda. Nilielewa papo hapo. Mke wangu amenizunguka, ametafuta kijumba kule! Nikamhoji mama huyo kwa utaratibu.

Chumba kimoja mnakaa wangapi? Akasema arobaini na wanne, wetu atatimiza arobaini na tano. Nikashika ukuta. Vyoo je? Vipo, vya wavulana mbali, vya wasichana mbali. Na kulala wanalalaje? Akaniomba nirudie swali. Kisha akasema, baba, wakilala tunawaamsha. Ukatili ulioje! Nikamweleza kwamba hata kuku hawafugwi hivyo, na nafasi yake ampe mwenye moyo wa jiwe. Akauliza mara mbili kama nina uhakika. Nikajibu kwamba uhakika ndio fani yangu. Haya baba, akasema, na akakata.

Nimeiokoa familia. Wala sitajisifu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mke wangu alirudi kutoka zamu ya mchana na usiku, akauliza kama nimepigiwa. Nilimsimulia yote, kwa vitendo. Akakaa juu ya kapu la nguo. Akasema, taratibu, kama anayemsomea mgonjwa majibu ya vipimo, kwamba hiyo ilikuwa shule. Yule alikuwa karani. Mtoto mmoja alihama, nafasi ikabaki moja, na watu wanaingojea tangu mwaka jana.

Nilimweleza kwamba "nafasi" ni neno lenye maana nyingi: uwazi, fursa, cheo, faragha hata, na kwamba anayelitumia bila kulifafanua ndiye mwenye kosa. Akampigia mama yake, akaweka sauti kubwa. Mama mkwe akauliza kama huyu ndiye yule tuliyeambiwa ana digrii.

Binti akataka kujua kama sasa hatasoma. Nikamwambia atasoma nyumbani, atakuwa na rafu. Akauliza rafu inafundisha nini. Sikuwa na kitabu karibu. Akauvua mkoba mpya, aliokuwa akiuvaa ndani ya nyumba tangu Jumapili, akauweka nyuma ya mlango.

Ijumaa, 8 Novemba

Karani hakumpa mtu nafasi ile. Alidhani baba wa mtoto anaumwa, akaona asubiri kumsikia mama. Mwalimu mkuu akatoa sharti moja: baba aje amwombe karani radhi. Njiani mke wangu alinisihi niseme neno moja tu, samahani, halafu nifunge mdomo kama watu wengine.

Nikasema samahani. Lilikuwa neno pweke mno. Nikaliongezea "ingawa".

Nadhani nilizungumza vizuri. Nilimshauri karani kwamba siku nyingine aseme "nafasi ya mwanafunzi", na mwalimu mkuu kwamba shule bora ingeanza na dirisha pana. Karani akajibu kwamba amepigia wazazi simu miaka yote, wala hajaulizwa na mwingine wanalalaje. Mwalimu mkuu akavua miwani. Mke wangu akanikanyaga kwa kisigino, akaomba dakika moja, na mimi nikaombwa nikaangalie maua.

Maua yenyewe yalikuwa machache. Alipotoka mke wangu, binti yetu alikuwa mwanafunzi. Mawasiliano yote na shule, kwa agizo la mwalimu mkuu, yatapitia kwa mama. Mama huyo alikuwa amekwisha kupanga pia vyumba viwili, hatua chache kutoka hapo. Nilimpigia dalali kumtaka anishikie rafu zangu. Akaniita "ndugu".

Jumamosi, 15 Machi

Tumekaa Mtaa wa Kengele tangu Krismasi kupita. Vitabu vyangu vimejaa kwenye maboksi sebuleni. Mtu hupita kiubavu. Leo binti alisimama katikati yake akasoma kwa sauti, bila kusaidiwa, jina la kitabu kimoja, kisha cha pili, kisha maandishi ya pakiti ya chumvi. Mke wangu alilia kidogo, akasema ataenda kumshukuru mwalimu.

Mwalimu! Hivi aliyasomea wapi majina hayo? Nyumbani! Vitabu vya nani? Nani aliyavumilia maboksi yakae usawa wa macho yake? Dai langu limethibitishwa, tena ndani ya nyumba mbovu. Fikiria nyumba yenye ukumbi!

Kikao cha wazazi ni Ijumaa ijayo. Nimeandaa hoja zangu, kurasa kumi na moja. Mwalimu mkuu aeleze mbele ya wazazi wote ni kwa haki gani shule yake inajitwalia sifa za sebule yangu. Nataka jibu, na nalitaka hadharani. Asilipitishe kwa mama.