Ombi la Kumwandikisha Mke Wangu Kuwa Turubai

Kwa Mheshimiwa Kapitan Baldomero Quiambao,
Mkuu wa Barangay (yaani mtaa) ya Malinao,
Ghorofani (ambako sisi hatufiki).

Ndugu Kapitan,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni Fortunato Dimayuga, mwalimu mstaafu wa darasa la nne, niliyekufundisha hesabu za kugawanya mpaka nikakata tamaa. Nakuandikia kwa ajili ya mke wangu Perla, ambaye hatembei tangu apatwe na kiharusi miaka miwili iliyopita. Anakusalimu pia.

Mwezi uliopita ofisi yako ilibandika ukutani sera mpya nne: ya kuwafikia walemavu, ya maadili, ya tabianchi na ya usafiri. Nimezisoma zote mara mbili. Mwishoni kuna agizo kwamba kila mzee afike mwenyewe kwenye dawati la wazee na walemavu kabla ya tarehe thelathini, aonekane kwamba yu hai. Asiyeonekana anafutwa kwenye daftari, na dawa zake za bure zinakatwa. Bila dawa za presha Perla hamalizi mwezi, daktari alituambia waziwazi. Dawati lenyewe mmeliweka ghorofani.

Nimekaa nikatafakari, nikaona njia ni moja tu. Naomba mke wangu aandikishwe rasmi kuwa turubai, la aina ile yenye picha yako. Sababu zangu ni hizi.

1. Turubai lina nafasi yake. Ulipojenga njia ya mteremko inayozunguka ubavu wa ofisi hadi juu, tulifurahi kweli. Perla alivaa gauni lake la kanisani siku ya uzinduzi. Nilimsukuma na kiti chake cha magurudumu, jasho likinitoka, na kule juu kabisa tukakutana na wewe. Limefungwa hapo turubai la futi kumi na mbili, umesimama unacheka, vidole gumba viwili juu, na maandishi: NJIA HII YA WALEMAVU NI ZAWADI YA KAPITAN QUIAMBAO. Nilimwomba mlinzi wako Nestor alisogeze kidogo. Akanijibu, "Lolo, babu yangu, hiyo haisogezwi. Nikiigusa tu, mimi ndiye nitasogezwa kazini." Tukageuza kiti, tukarudi nyumbani.

2. Turubai linabebwa. Sera yako ya maadili, kifungu cha sita, inakataza kumbeba raia kwenye ngazi za ofisi, eti kwa kulinda utu wake. Jirani yetu Ising, muuza samaki mwenye mikono ya kunyanyua magunia, alikuja na wanawe watatu wambebe Perla wima wima kama tunavyobebana miaka yote hapa mtaani. Karani wako Bi Lourdes akawafukuza kutoka ngazi ya tatu. "Mnamdhalilisha mama wa watu!" alifoka. Ising naye si mtu wa kunyamaza. "Kwani akifutwa kwenye daftari ndiyo heshima, dada?" Lakini kifungu cha saba, nimekinakili neno kwa neno, kinasema: "Turubai la Kapitan linapobebwa, watu wote wapishe." Sasa mimi na wewe, mwalimu na mwanafunzi, tusome vifungu hivi viwili pamoja tuone nani ana utu.

3. Turubai linaokolewa. Mafuriko ya Julai yalipoingia ndani, nilimweka Perla juu ya meza ya chakula. Alikaa pale siku mbili, akila wali wa baridi na samaki wakavu, akiimba ili mimi nisiogope. Siku ya kwanza boti ya barangay ilipita. Nikapunga taulo. Vijana wako wakaniambia, "Tunarudi, Lolo, subiri tumalize haya kwanza." Haya yalikuwa maturubai yako kumi na nne. Sera ya tabianchi imeagiza mali ya barangay iwahishwe sehemu ya juu. Yalifika makavu kabisa. Boti haikurudi. Sijawahi kuwa na hasira kama niliyokuwa nayo siku ile, Baldomero, na niliwahi kukufundisha wewe.

4. Turubai linasafiri. Ile bajaji ya umeme ya sera yako ya usafiri, yenye alama ya kiti cha magurudumu, tuliingoja mbele ya duka la mikate Jumanne tatu mfululizo. Jumanne ya tatu ilisimama. Dereva alikuwa na adabu sana. "Samahani, Nanay, mama yangu, nafasi ya mlemavu ina mtu." Perla akachungulia. Mtu huyo ulikuwa wewe, umeviringishwa, umefungwa mkanda wa usalama, unapelekwa kwenye njia panda kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu wetu. Perla alicheka njia nzima. Tulipofika nyumbani alilia.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, siombi upendeleo. Perla ana sifa zote: hasogei bila kusogezwa, hajibu akitukanwa, na akivishwa gauni lile anapendeza kuliko hata wewe. Kama kuna fomu, niletee nijaze. Ikishindikana, basi ondoa turubai lile juu ya mteremko, maana ndilo kizuizi pekee kati ya mke wangu na uhai wake wa kisheria.

Nisalimie mkeo, wajumbe wote saba, Bi Lourdes na koo lake, dereva wa bajaji, na picha zako zote kumi na nne, hasa ile ya sokoni ambayo mvua imeifuta jicho.

Wako katika kusubiri,
Mwalimu Fortunato Dimayuga

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado haijatumwa. Leo asubuhi, tarehe thelathini, Ising alichoka kusubiri, akapanda mteremko na kisu chake cha samaki akakata kamba. Naomba radhi kwa niliyoandika hapo juu, maana nyuma ya turubai hakuna mlango. Kuna ukuta mzima, umepakwa rangi vizuri. Nilikusingizia kwamba unaziba njia.

Basi tukamfunika Perla pamoja na kiti chake kwa turubai lile, sura yako ikiangalia mbele, tukambeba watu wanne kwenye ngazi kuu. Nestor alisimama kwa heshima, akapaza sauti: "Pisheni, pisheni, Kapitan anapita!" Watu wote wakapisha. Bi Lourdes akauliza hiki ni nini, na Perla akatoa kichwa: "Ni mimi, mwanangu. Niko hai. Andika." Akaandika.

Kwa hiyo futa malalamiko yangu namba moja hadi nne. Maturubai yako ndiyo huduma pekee ya barangay inayomfikisha mtu, na nakusihi uchapishe mengine. Mtaani kwetu wamebaki wazee sita hawajaonekana, na mmoja ni mnene, kwa hiyo chapisha kubwa. Hili la kwanza tumelitoboa mdomoni ili Perla apumue. Katika miaka yote niliyokufahamu, ndiyo mara ya kwanza mdomo huo umemsaidia mtu.